Maji Yaliyo Chini ya Mchanga

(Mazungumzo ya ibada yaliyosomwa redioni. Masomo: Mithali 20:5, Zaburi 139:23-24)

Twazungumza nanyi leo kutoka kwetu Sultan Hamud, katika nchi ya Makueni.

Wasafiri wa Nairobi na Mombasa waujua mji wetu. Waujua kwa kupita. Gari husimama, abiria hushuka, hunywa chai, hununua matunda kidogo, kisha hurudi garini wakaenda zao. Hata jina la mji wetu ni jina la mtu asiyekaa hapa. Ni jina la Sultani Hamoud bin Mohammed wa Unguja, aliyetawala tangu mwaka 1896 hadi 1902, siku zile reli ilipokuwa ikijengwa kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria. Ukimwuliza abiria, "Waijua Sultan Hamud?" atakujibu, "Naijua sana." Lakini ajua nini? Ajua maduka ya kando ya barabara. Vijia vinavyoshuka nyuma ya maduka hayo havijui. Hajui nyumba ipi ina mgonjwa, wala kisima kipi kimekauka.

Basi, wapendwa, wengi wetu twaishi ndani ya nafsi zetu kama abiria wale. Twaujua upande wa barabara tu, ule tunaowaonyesha watu. Twajijua kuwa wapole, au wakali, au wavumilivu, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea kujieleza. Yaliyo nyuma ya maduka hatuyajui, na pengine hatutaki kuyajua.

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo dogo liwezalo kutusaidia kushuka katika vijia hivyo. Nalo ni daftari na kalamu. Twasema juu ya kuandika, kila siku au mara kadhaa kwa juma, mambo ya moyo wako mwenyewe, mbele za Mungu, pasipo mtu mwingine kusoma.

Somo letu la kwanza, Mithali 20:5, lafananisha mawazo ya moyo wa mtu na maji yaliyo mbali chini, ambayo mwenye ufahamu aweza kuyateka. Watu wa Ukambani hawahitaji kuelezwa sana neno hili. Mgeni akiutazama mto Kaiti au mto Thwake wakati wa kiangazi kikali, ataona mchanga mtupu, naye atasema hapa hakuna maji. Mama wa Makueni hasemi hivyo. Huja na mtungi wake na kata yake, hupiga magoti, huchimba. Mchanga wa juu ni mkavu. Akishuka kidogo, huwa na unyevu. Akiendelea, maji huanza kujikusanya, nayo mwanzoni ni matope. Hayo hayanywi wala hampi mgeni. Huyatoa, hungoja, na polepole maji safi huingia shimoni. Kazi yote ni kupiga magoti, kuchimba na kungoja.

Katika nchi hii hii yako masimulizi ya kweli juu ya maji ya namna hiyo. Mmisionari mmoja Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, alifika Kitui kwa Kivoi, mkuu wa Wakamba aliyejulikana sana kwa biashara. Huko, tarehe 3 Desemba 1849, aliuona Mlima Kenya kwa mbali. Mwaka 1851 alirudi. Kivoi akamwongoza kuelekea mto Tana, lakini njiani walivamiwa, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake porini. Hakuwa na kibuyu. Alipofika kwenye maji aliyatia ndani ya mitutu ya bunduki yake na katika mfuko wa ngozi wa darubini, akaziba midomo ya mitutu kwa nyasi. Vichaka vikazichomoa nyasi zile, mfuko nao ukavuja, na maji yote yakapotea. Kiu ilipomkaza, alifika penye mto mkavu, akasikia sauti za tumbili, akaona shimo walilokuwa wamelichimba mchangani. Ndani yake mlikuwa na maji.

Twayajua haya kwa sababu Krapf aliyaandika katika kumbukumbu zake za safari, zikachapwa London mwaka 1860. Angaliweza kuandika habari ya mlima aliouona tu. Lakini aliandika pia hofu yake, kiu yake, na jinsi alivyojificha kwa kuogopa watu. Kwa hiyo twamwona mtu mzima, wala si sanamu yake.

Pengine msikilizaji atauliza: Je, haitoshi kuomba? Mbona tuandike? Swali hilo ni jema, nalo lastahili jibu.

Moyo wa mtu hubadili ushahidi wake. Nabii Yeremia, katika sura ya 17, asema kwamba moyo ni mdanganyifu kuliko vitu vyote, na kwamba ni Bwana auchunguzaye. Ona jinsi udanganyifu huo unavyofanya kazi. Jumatatu twasema tumekasirika kwa sababu ya fedha. Alhamisi twasema ni kwa sababu ya maneno tuliyoambiwa. Jumapili twasema hatukukasirika kamwe. Na kila mara twaamini tunayoyasema, kwa kuwa tumesahau tuliyosema kwanza. Akili zetu ni kama ule mfuko wa darubini. Maji huingia, lakini tukitembea kidogo yamevuja. Karatasi haivuji. Tuliyoyaandika Jumatatu yatungoja hapo hadi Jumapili, na hapo ndipo moyo unapokutana na maneno yake mwenyewe.

Watu wa Mungu walilijua jambo hili tangu zamani. Soma Zaburi ya 42, uone jinsi mwandishi anavyoigeukia nafsi yake na kuiuliza kwa nini imeinama. Soma Zaburi ya 32, uone habari ya mtu aliyenyamaza na dhambi yake mpaka mifupa yake ikachakaa. Hayo ni maneno ya mtu aliyechimba.

Hata hapa Afrika tunaye Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, akawa askofu wa Hippo. Katika kitabu chake cha Maungamo, alichokiandika karibu na mwaka 400, alirudi nyuma kwenye jambo ambalo wengine wangaliliona dogo. Akiwa na miaka 16, yeye na vijana wenzake waliiba mapea kwenye mti wa jirani. Hawakuwa na njaa. Mengi waliwatupia nguruwe. Augustino hakutosheka kuandika, "Niliiba, nimetubu." Aliuliza na kuuliza tena, "Nilipenda nini katika wizi ule?" Akiendelea kuandika akaona jambo lililokuwa limejificha: kama angalikuwa peke yake, asingaliiba. Alipenda kuwa pamoja na wenzake, akaona haya kuonekana mwema mbele yao. Ni wangapi kati yetu wanaojua dhambi waliyoitenda, wasijue njaa iliyowapeleka huko?

Naye Askofu James Hannington, aliyepitia Ukambani mwaka 1885 akielekea Uganda, alikamatwa Busoga, akafungwa siku nane kabla ya kuuawa tarehe 29 Oktoba mwaka ule. Kijitabu chake kiliokolewa. Ndani yake askofu aliandika homa, wadudu na udhaifu wake pasipo kujipamba, na katika siku ile ya mwisho akataja jinsi Zaburi ya 30 ilivyomtia nguvu. Kuandika udhaifu wake hakukuondoa imani yake.

Wapendwa, hatutaki kuwafundisha jambo ambalo sisi wenyewe hatukulionja. Turuhusuni tuwaeleze yaliyotupata.

Kwa miaka sita hatukusemezana vema na mdogo wetu wa tumbo moja. Sababu tuliyoijua, na tuliyomweleza kila mtu, ilikuwa mpaka. Baba alipotugawia shamba alipanda safu ya makonge katikati. Tuliporudi nyumbani kutoka kazini Mombasa, tukaona safu ile imesogezwa hatua mbili upande wetu. Tulikwenda kwa wazee wa ukoo. Tulikwenda kwa chifu. Tuliliombea jambo lile kanisani pia, wala hatukuomba tuweze kusamehe. Tuliomba Mungu amwonyeshe ndugu yetu kosa lake.

Mwezi mmoja wa Oktoba, kabla ya mvua kunyesha, tulikosa usingizi. Tukatwaa daftari la shule ambalo mtoto hakulimaliza, tukaanza kuandika kila usiku. Usiku wa kwanza tuliandika habari za makonge, na kalamu karibu itoboe karatasi. Usiku wa pili vivyo hivyo. Juma la tatu tulirudi tukasoma tangu mwanzo, tukahesabu. Jina la ndugu yetu lilikuwa katika kurasa 11. Makonge yalitajwa katika kurasa tatu za kwanza tu. Katika zile nane nyingine, kila ndugu yetu alipotajwa, mama yetu alikuwa karibu naye. Ndugu yetu akimpeleka mama hospitali. Ndugu yetu akimlisha uji. Ndugu yetu siku ya maziko, na watu wakimshukuru mbele ya jeneza, nasi tukisimama nyuma, tumeshuka asubuhi ile ile kutoka basi la usiku, na vumbi la safari viatuni.

Tulikuwa tumeyaandika hayo pasipo kutambua tunaandika nini. Tukaketi na daftari lile magotini. Mama aliugua miezi minane. Tulituma fedha kila mwisho wa mwezi, lakini hatukuja. Tukamchukia yule aliyekuwapo. Aibu ile ilikuwa nzito mno kuitazama, basi tukaivika nguo ya makonge, nayo ikatembea mbele za wazee na chifu kama mtu mwenye haki.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda kwake. Hatukutaja mpaka. Tulimwambia kwamba alimwuguza mama peke yake, nasi tulimwachia mzigo wote, na kwamba tunaomba msamaha. Alinyamaza muda mrefu, akiangalia chini. Kisha akasema, "Kaka, yale makonge niliyasogeza mimi. Nilijua ukikasirika utakuja. Ukaja na chifu."

Halafu akamwita shemeji yetu alete chai.

Makonge yale yako pale pale hata leo. Twayapita tukienda kwake, na hakuna aliyeleta kamba ya kupimia. Kama tungaliendelea kuomba vile tulivyokuwa tukiomba, ndugu yetu angalionyeshwa kosa lake, na ni kweli alikuwa nalo. Letu lingalibaki chini ya mchanga.

Sasa, mtu atauliza, daftari hili laandikwaje? Tutasema kwa kifupi.

Kwanza, chagua saa moja ya siku iliyo tulivu, baada ya chakula cha jioni au kabla ya mapambazuko. Robo saa yatosha. Anza kwa kumwomba Mungu akuchunguze, kama Zaburi ya 139 inavyotufundisha kuomba. Maombi hayo yasitangulie kwa desturi tu, kwa maana pasipo Yeye twaweza kuchimba tukapata shimo tu, au tukakata tamaa kwa tunayoyaona.

Pili, andika kwa lugha unayolilia. Kama ni Kikamba, andika Kikamba. Usijali tahajia wala nukta. Hakuna mwalimu atakayesahihisha.

Tatu, andika jambo lililotukia, na pia ulivyosikia moyoni. Mwaka 1986, mtaalamu wa elimu ya nafsi huko Texas, Marekani, James Pennebaker, pamoja na mwenzake, walichapa habari ya wanafunzi walioandika robo saa kwa siku nne mfululizo juu ya mambo mazito yaliyowapata. Walioandika jambo lenyewe pamoja na hisia zao walihuzunika mara baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari wa chuo mara chache zaidi. Walioandika jambo tu, pasipo moyo, hawakuonyesha faida hiyo. Tangu hapo wataalamu wamerudia majaribio ya namna hiyo mara nyingi, na faida waliyoiona kwa jumla ni ndogo, tena si kwa kila mtu. Kwa hiyo hatusemi daftari ni dawa ya kila ugonjwa. Twasema lasaidia kuona.

Nne, jiulize maswali machache: Leo nilitaka kusema nini nikanyamaza? Nilimlaumu nani? Nilifurahi kwa siri juu ya anguko la nani? Nani alisifiwa, nami nikaumia?

Tano, rudi usome baada ya juma mbili au tatu. Hapa ndipo penye kazi. Tafuta neno linalorudi, na jina linalorudi. Tafuta pia lile usiloliandika kamwe, ingawa kila mtu nyumbani alijua lipo. Maji ya kwanza ni matope, kumbukeni. Usiyanywe, wala usiwagawie watu yaliyoandikwa kwa hasira usiku wa kwanza.

Tuna maonyo pia. Daftari lisigeuke kuwa kitabu cha mashtaka. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 13, afundisha kwamba upendo hauhesabu mabaya. Ukiona unaandika makosa ya mke wako pamoja na tarehe ili siku moja umsomee, lifunge, umeacha kuchimba mto wako ukaingia katika shamba la mtu mwingine. Siri uliyoaminiwa na mwenzio usiiandike. Nanyi wazazi, mkiona daftari la kijana wenu chini ya godoro, liacheni hapo. Mkilisoma mara moja, hataandika kweli tena, na pengine hatawaambia kweli tena.

Na kama juma baada ya juma waandika maneno yale yale, na giza lazidi, hiyo ni ishara kwamba umefika mwisho wa uchimbaji wa mtu mmoja. Tafuta mtu. Yakobo, katika sura ya 5, atuagiza kuungamana na kuombeana. Mwendee mchungaji, au mzee wa kanisa asiyetangaza. Na ikiwa moyo wako wakuambia ukatishe uhai wako, usingoje daftari wala Jumapili. Mwambie mtu siku ile ile, mfike hospitali. Hakuna haya katika kuomba msaada.

Wako wasikilizaji wasiojua kuandika. Bibi yetu hakujua kuandika hata jina lake. Alikuwa na rafiki mmoja wa makamo yake, na walipokwenda mtoni kuteka maji walikuwa wakiambiana ya moyoni, na kila mmoja aliyashika maneno ya mwenzake. Mmoja akibadili maneno, mwingine alimkumbusha, "Lakini mwezi uliopita hukusema hivyo." Rafiki wa namna hiyo ni daftari hai. Mwenye naye na amshukuru Mungu.

Neno la mwisho. Makanisa yetu yalibarikiwa sana na uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ukitufundisha kutembea nuruni na kushuhudia mbele ya ndugu. Hatutaki kuipoteza desturi ile. Lakini tuseme kweli: yako mashuhuda tuliyoyakariri. Twasimama mwaka baada ya mwaka tukieleza dhambi zile zile za ujana, ambazo haziumizi tena, na ndugu huimba, nasi huketi. Dhambi ya mwaka huu imekaa nyuma ya maduka, haijatajwa. Mtu aliyeketi usiku na daftari lake, akajikuta pale asipotaka kujikuta, akisimama mbele ya ndugu atakuwa na maneno machache, lakini yatakuwa mabichi.

Na tuombe.

Bwana Mungu wetu, Wewe watujua kuliko tunavyojijua. Twakiri kwamba tumejipita kama wageni. Tupe ujasiri wa kupiga magoti na kuchimba, saburi ya kungoja maji yatulie, na neema ya kwenda kwa ndugu yetu pale utakapotuonyesha. Wabariki waliokosa usingizi usiku huu. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.